Utafiti na Ushuke Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilizaliwa mjini, katika jumba la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, tarehe 25 Oktoba 1961, kabla Tanganyika haijapata uhuru wake. Wanafunzi wa kwanza, wachache sana, walisomea sheria hatua chache tu kutoka Kariakoo, katikati ya wachuuzi, mafundi na makuli. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani. Kuhama huko kulikuwa kwa lazima wala hatukulaumu. Lakini twauliza swali moja: elimu inayovunwa huko juu hurudi kwenye mtaa ulioizaa?

Twauliza kwa sababu kazi inayofanywa na vyuo vyetu si ndogo. Tuanze na Muhimbili, ambako mtu wa Kariakoo aweza kwenda kwa miguu. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa huko, akiwamo Profesa Julie Makani, wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wake. Inakadiriwa kuwa katika nchi yetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Baba na mama waweza kuwa wazima kabisa, lakini wote wawili wakiwa wameibeba chembe ya urithi wa ugonjwa huo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto akigunduliwa mapema na kutunzwa ipasavyo, maisha yake yaweza kuokolewa. Haya madaktari wayajua vyema. Huku mitaani, hata hivyo, bado wako wazazi wanaoambiwa kwamba mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa amerogwa.

Sasa tutazame udongo. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita kwenye viwanda na makazi ya watu, ukakatiza Jangwani, jirani kabisa na Kariakoo, na kumwaga maji yake baharini. Kwa miaka mingi kandokando yake pamelimwa mboga za kulisha mji. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa katika mabonde ya Sinza na Msimbazi. Ndani ya majani hayo walikuta risasi, kadmi, shaba na zinki, na kiasi cha baadhi yake kiliwafanya waonye juu ya afya ya walaji. Mwaka 2010 wenzao wa Chuo Kikuu Ardhi walichapisha vipimo vya udongo na maji ya mji huu, nao wakakuta metali za namna hiyo.

Jambo hili si dogo. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huudhuru ubongo wake, na dhara hilo haliponi kwa kidonge. Kuosha mchicha huondoa vumbi na tope lililo juu ya jani. Hakuondoi kile ambacho mmea umekinyonya kwa mizizi yake kutoka ardhini. Basi mama anayenunua fungu la mboga kwa fedha yake ya jasho, akaliosha mara tatu kwa uangalifu wote, hudhani amemlinda mwanawe, kumbe sivyo.

Nani alimwambia mama huyo? Matokeo yale yaliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika majarida ya ng'ambo. Msomi wa London aliweza kuyasoma. Mlimaji wa Jangwani aliyetoa udongo wake upimwe hakuweza. Hatusemi kwamba wataalamu wetu walifanya hivyo kwa ubaya. Kazi ya mhadhiri hupimwa kwa makala anazochapisha katika majarida kama hayo, na yeye hufuata kipimo alichowekewa. Kasoro iko katika kipimo chenyewe. Utafiti unaotumia fedha ya umma, damu ya wagonjwa wetu na udongo wa mashamba yetu ni deni, na deni hulipwa kwa mwenye mali.

Wako watu watakaotujibu kwamba mambo ya sayansi ni mazito, hayawezi kusemwa kwa lugha ya sokoni. Jibu hilo hatulikubali. Chuo Kikuu hicho hicho, kwa mkono wa Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili, kilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo, linalohitajika ni nia ya kuyatumia.

Tena mfano mwema tunao hapa hapa mjini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi waliingia mitaani katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Walishika simu na kompyuta, lakini hawakujifungia ndani navyo. Walitembea na wenyeji wa kata zinazofurika, wakaandika njia, mifereji na nyumba ambazo hazikuwahi kuonekana katika ramani. Mwenyeji ndiye aliyewaonyesha maji yalifika kimo gani ukutani. Ramani ile ikawa wazi kwa kila mtu, bila malipo. Hapo kompyuta ilimtumikia mkaaji wa bondeni, na mkaaji wa bondeni akamfundisha msomi. Hivyo ndivyo utafiti unavyopasa kuwa.

Lakini tusiwatwishe wasomi peke yao mzigo huu. Sisi wafanyakazi nasi tuna wajibu wa kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika friji yakiwa ya moto yaliganda kuwa barafu kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Aliposema, alichekwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo chetu cha Dar es Salaam aliyekuwa amezuru shule. Osborne hakumdharau, alirudi chuoni, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mwaka 2020 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walikuwa bado wakilifanyia kazi swali la kijana huyo, na ubishi juu ya maji yenyewe haujakwisha hata leo. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo twasema wazi mambo matatu. Kwanza, kila utafiti unaofanywa juu ya miili, chakula au ardhi ya wananchi uwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, ubandikwe katika ofisi ya kata, sokoni na zahanati, usomwe redioni na katika mikutano ya wafanyakazi. Tume ya Sayansi na Teknolojia iufanye kuwa sharti, na vyuo viuhesabu wakati wa kumpandisha mhadhiri cheo. Pili, matokeo yasigeuzwe fimbo ya kumpigia mnyonge. Mkulima wa mchicha hakuitia risasi katika mto. Ukaguzi uanzie kwenye mabomba yanayotoa uchafu, na mlimaji apewe maji safi au mahali pengine pa kulima kabla hajaambiwa aache. Tatu, matawi ya chama na ya wafanyakazi yawaalike wataalamu kila mara, yawaulize maswali bila haya, na yadai majibu.

Tulipokuwa tukijitawala ndiyo kwanza, tulitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mboga yenye sumu ambayo mlaji hana habari nayo huwakusanya wote watatu katika sahani moja. Silaha ya kuwapiga imekwisha kufuliwa na vijana wetu wenyewe, nayo imelala katika maktaba ya Mlimani. Kutoka huko hadi Kariakoo ni safari ya basi moja. Na iletwe.