Hiyo Si Jaketi ya Kuokoa Maisha, Hiyo Ni Nguo Tu

Wasee, kila wikendi nafungua simu naona video ileile. Matatu imekodiwa Meru au Embu, muziki juu, mara wako Sagana kando ya mto. Kila mtu amevaa jaketi ya rangi ya machungwa na helmeti, vidole viwili hewani, halafu rafti inaingia kwa maji meupe na watu wanapiga nduru. Laiki elfu tatu. Na kwa komenti hakuna hata mmoja anauliza: hizo jaketi zina miaka mingapi?

Mimi nauliza. Na nitaendelea kuuliza hadi mnifungie.

Kuna watu huku mitandaoni wanajiita wataalamu wa vifaa vya mlima na mto. Riviu yao ni rangi, brandi, "inakaa fiti," linki, kwisha. Mtu anainua buti anaizungusha mbele ya kamera anasema hii ni orijino. Orijino ya mwaka gani? Kitu kinachokuokoa mtoni kiko ndani ya kitambaa, na kinachokufikisha mlimani kiko chini ya soli, na huko kamera haifiki. Unafundishwa kununua kwa macho vitu ambavyo hukaguliwa kwa mikono.

Tuanze na jaketi. Ndani yake kuna povu gumu lenye vijishimo vidogo sana vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake ili maji yasiingie. Si sponji ya godoro. Zamani walijaza sufi, ileile ya mito ya kulalia kule Pwani. Sufi inaelea poa sana, lakini ikikandamizwa sana au maji yakipenya ndani inageuka mzigo, ndiyo maana ikaachwa. Povu la sasa ni bora, lakini nalo linazeeka. Jua linalichosha. Kukaliwa kama kiti kunaliminya. Kurundikwa stoo chini ya mahema mazito miezi sita kunaliminya zaidi. Na hakuna kengele italia siku likichoka. Jaketi inabaki na sura yake, na picha inatoka safi.

Niliacha chuo, sawa, lakini hii ni fizikia ya kidato cha nne. Jaketi ya kawaida ya kayaki kwa kiwango cha Ulaya inahitajika kumwelesha mtu mzima kwa newtoni 50. Hiyo ni kama kilo 5 tu. Mtungi wa lita 20, mtupu na kifuniko kimekazwa, unabeba karibu kilo 20! Kilo 5 zinatosha kwa sababu mwili wa binadamu ukiwa majini tayari unakaribia kuelea, unahitaji tu kasukumo ka kuweka mdomo juu. Ila hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia. Maji meupe ni meupe kwa sababu yamejaa hewa, na hewa haikubebi. Kwa hivyo jaketi za rafti na mito mikali huwa na povu zaidi, newtoni 70 na kwenda juu. Sasa chukua ile ya 50, toa theluthi kwa sababu ya jua na makalio ya watu, halafu niambie umebaki na nini katikati ya mawimbi. Umebaki na nguo.

Mwaka jana nilienda trip na mwandaaji mmoja, simtaji. Jaketi aliyonipa klipu moja ilikuwa imevunjika, imefungwa na kamba ya viatu. Nikabonyeza povu kwa kidole gumba na shimo likabaki pale, halikurudi. Nikaomba nyingine. Jibu: "Bro, hizi zimetumika miaka yote na hakuna mtu amekufa." Watu kwa rafti wakacheka, ati naogopa maji. Nilikaa ukingoni, na pesa yangu sikurudishiwa.

Hiyo sentensi ya "hakuna mtu amekufa" ndiyo inaniudhi kuliko ile klipu. Tarehe 15 Juni 1904, meli ya General Slocum ilishika moto pale New York ikiwa imebeba familia za kanisa kwenye matembezi. Walikufa zaidi ya watu 1,000, wengi wakiwa akina mama na watoto. Meli ilikuwa na jaketi za kutosha, za koki, zilizokaa hapo tangu 1891. Miaka 13 hakuna aliyekufa kwa sababu yake, maana hakuna aliyewahi kuzihitaji. Wakaguzi walikuwa wamepitisha meli hiyo kama mwezi mmoja tu kabla. Wazazi waliwavalisha watoto, wakawatupa majini, na watoto wakazama, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeoza na koki imekuwa vumbi. Jaketi haipimwi na miaka ambayo haikutumika. Inapimwa siku moja, na siku hiyo huna muda wa kubadilisha.

Kwa hivyo kagua kabla hujapanda rafti, dakika mbili tu. Bonyeza povu: lazima lirudi. Tafuta lebo ndani, inaandika newtoni na kilo za mvaaji. Kama imefutika kabisa, hiyo jaketi ni mzee. Kama rangi imepauka hadi inafanana na chai ya maziwa, vuta kitambaa na mishono kwa nguvu, jua limeshakula nyuzi. Funga klipu zote, kaza mikanda, halafu mwambie mwenzako akuvute juu kwa mabega ya jaketi. Ikipanda hadi masikioni, majini itakutoka. Na helmeti ya bodaboda mwachie jamaa wa bodaboda, tafadhali. Ya mto ina matundu ili maji yatoke na inakaa kichwani bila kuyumba. Ile nyingine inajaa maji kama ndoo na kukuvuta shingo.

Sasa nyinyi wa mlima, msicheke. Wanaopanda kutoka Chogoria au Sirimon wanaingia mtego uleule kupitia mitumba. Mimi napenda mitumba, sitaki mtu aniambie eti vifaa vya nje ni vya wazungu na watu wa Karen. Ukijua kukagua, soko la Gikomba au la Embu linakuvisha vizuri kwa pesa ya kawaida. Shida ni ile buti inayong'aa kama mpya. Kwa nini ni mpya? Labda kwa sababu mtu huko Ujerumani aliinunua, akaivaa mara mbili, ikalala kabatini miaka kumi. Soli ya kati ya buti nyingi ni poliyurethani, na unyevu wa hewa huivunja polepole hata kama kiatu hakijaguswa. Inakuja hapa ngozi ikiwa safi na tumbo limeoza. Siku ya kwanza iko sawa. Siku ya pili, uko juu ya Ziwa Ellis, soli inabanduka nzima kama ganda la ndizi, na Lenana iko mita 4,985, hakuna fundi huko.

Chimba soli ya kati kwa ukucha, pale kati ya ngozi na mpira. Ikitoa unga au nyufa ndogondogo, rudisha. Ikipita, bado tembea nayo vilima vya nyumbani wiki mbili kabla ya mlima. Koti la mvua nalo ligeuze ndani nje: likinata vidoleni, au linabanduka kama mba, ni ugonjwa uleule wa buti, na hilo litabeba maji badala ya kuyazuia. Nusu ya bei haisaidii kitu hapo.

Na ukishapata kizuri, wacha kukianika kwa mabati! Jaketi, kamba, hema, vyote vioshe na maji safi, anika kivulini, weka mahali pakavu bila kurundika vitu juu. Ni kazi ya nusu saa.

Najua waandaaji watakuja kwa komenti kusema naharibu biashara ya vijana wenzangu. Sawa. Kama jaketi zako ni poa, usinitukane. Piga picha ya upande wa ndani, lebo ionekane, na video ya kidole chako kikibonyeza povu na kutoka. Weka hapo chini. Nitaisambaza bure, na jina la kampuni yako likiwa juu kabisa.