Samaki Si Samaki Tu

Neno hili twalisikia sokoni na kandokando ya ziwa, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa: "Samaki ni samaki tu. Wa huku wakiisha, tutaleta wa kule." Anayelisema pengine hana nia mbaya. Ana watoto wenye njaa, au amechimba bwawa jipya na anatafuta samaki wa kulijaza. Lakini neno lenyewe ni la uongo, na uongo huo umekwisha kuleta hasara kubwa. Mkristu asiuache upite bila kuujibu.

Tuitazame kwanza nchi yetu. Sisi wa Nyankunde na Bunia tunakaa karibu na mpaka wa maji. Mto Shari huingia Ituri, Ituri huwa Aruwimi, na Aruwimi humwagika katika mto Kongo hata bahari ya Atlantiki. Lakini ukishuka milima kwenda Kasenyi au Tchomia, unafika ziwa Albert, na maji yake hufuata mto Nili hata Misri. Milima hiyo imezitenga koo mbili za samaki kwa muda upitao hesabu ya babu zetu wote. Leo mtu mmoja mwenye ndoo ya vifaranga na pikipiki aweza kuuvunja mpaka huo kwa asubuhi moja.

Je, hasara iko wapi? Tutazame ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwako wakubwa waliotaka ziwa lile liwe na samaki wakubwa zaidi. Wakamchukua yule sisi tumwitaye kapiteni, kutoka ziwa Albert, ziwa letu hili hili, wakamtia Viktoria. Watanzania humwita sangara, Wakenya mbuta. Mtaalamu mmojawapo, Geoffrey Fryer, alikuwa ameandika mwaka 1960 kuonya kwamba jambo hilo ni la hatari. Hakusikilizwa. Kwa miaka mingi palikuwa kimya. Halafu, katika miaka ya 1980, sangara wakajaa ziwa, na furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, wakaanza kutoweka. Wataalamu hukadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina 500 hivi za furu. Aina zipatazo 200 hazikuonekana tena.

Wako watakaojibu: "Lakini sangara ameleta fedha." Kweli, ameleta. Viwanda vilijengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, na minofu ikapelekwa Ulaya. Lakini mama maskini wa Mwanza alipata nini? Alipata mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Tena furu walikaushwa kwa jua, bure. Sangara ana mafuta mengi, hutaka moshi au kikaango, na kuni zake hutoka katika miti ya pwani na visiwa. Fedha ilipita mikononi mwa wengi, ikakaa mikononi mwa wachache.

Sasa tusikilize wataalamu wa elimu ya urithi. Hawa hukata kipande kidogo cha pezi la samaki, wakasoma ndani yake yale yote aliyorithi kwa wazazi wake, kama vile padre asomavyo ukoo wa mtu katika kitabu cha ubatizo. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walitangaza kwamba furu wa Viktoria na maziwa ya jirani wametoka katika koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nili ya juu, zilizokutana yapata miaka 150,000 iliyopita. Kwa hiyo ndani ya furu wa Mwanza mna urithi wa maji ya Kongo!

Mjanja atasema hapo: "Kumbe kuchanganya ni kuzuri!" Asifanye haraka. Koo zile mbili zilipokutana, urithi wao ulipata maelfu na maelfu ya miaka ya kuchambuliwa, kila aina ikapata chakula chake na mahali pake. Ndoo ya mtu haingoji miaka elfu. Angalia ngege, samaki wa asili wa Viktoria aliyependwa sana na walaji. Alivuliwa kupita kiasi, kisha ndugu zake wa maji mengine wakaletwa, wakamsonga. Katika ziwa kubwa karibu aishe kabisa. Amebaki katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Kenya, lililojificha nyuma ya mafunjo ya Yala. Ziwa lile dogo sasa ni ghala ya mbegu. Nasi huku tunazo ghala zetu. Maporomoko ya mto Semliki yamemzuia kapiteni asipande mpaka ziwa Edward, na kwa sababu hiyo Edward lina furu wake wa pekee hata leo. Mtu asithubutu kumbeba kapiteni juu ya maporomoko yale!

Tena samaki hauawi kwa wavu tu. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba furu majike huchagua madume kwa rangi. Maji yakiingiwa na tope na uchafu, jike haoni rangi, aina huchanganyikana, na aina mbili huwa moja. Wenye kuchimba dhahabu na kugeuza mito ya Ituri kuwa tope, na wenye kufyeka miti ya kingo zake, walisikie neno hili.

Wengine wana hoja ya dini. Husema: "Elimu hiyo ya viumbe kugeuka kidogo kidogo ni ya wasioamini, tusiisikilize." Hawajui historia ya Kanisa lao. Aliyefungua mlango wa elimu ya urithi ni mtawa wa Mtakatifu Agustino, Gregor Mendel wa Brno, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri na kutangaza aliyoyaona mwaka 1866. Baba Mtakatifu Pius XII, mwaka 1950, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili, bali alishika imara kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Naye Yohane Paulo II alilitaja tena jambo hilo mwaka 1996, bila hofu.

Wengine hushika kitabu cha Mwanzo: Mungu alitupa kutawala samaki wa bahari. Ndiyo. Lakini wasome mistari michache nyuma. Kabla mtu hajaumbwa, Mungu aliwabariki samaki wazae na kuyajaza maji. Mtawala anayefuta baraka ya Bwana wake ni mwasi. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba aina za viumbe zina thamani yake mbele ya Mungu, nasi hatuna haki ya kuziangamiza.

Yabaki neno la njaa, nalo ni zito. Ituri imeona vita, na wengi wamekimbilia ziwani bila shamba wala ng'ombe. Hatuwezi kumwambia mwenye njaa asivue. Twamwambia asile mbegu. Upande wa Uganda wa ziwa Albert, sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa sasa ni wadogo, muziri na ragoge, kwa kuwa wakubwa wamepungua. Atumiaye chandarua cha mbu mahali pa mazalio anakula leo mlo wa mtoto wake wa kesho. Na samaki wakiisha, tajiri atanunua nyama. Maskini atanunua nini?

Basi tufanye nini? Mwenye bwawa atafute vifaranga wa maji ya upande wake, wala asivushe ndoo juu ya milima. Mvuvi aheshimu mazalio na kuwaacha wadogo wakue. Wakubwa wa serikali wachome nyavu haramu bila kupokea kitu kidogo, nao wanaoziuza madukani waulizwe kwanza, kabla ya maskini anayezitumia. Makatekista walifundishe jambo hili pamoja na amri ya saba, kwa maana kumwibia mtoto ambaye hajazaliwa ni wizi.

Mungu alitoa kila samaki kwa aina yake. Tusimrudishie maji matupu.