Mwacheni Kindi, Pikeni Sungura

Likizo iliyopita, njiani kati ya Nyeri na Karatina, nilikutana na wavulana watatu waliombeba kindi aliyenaswa kwa kitanzi cha waya. Nilipowauliza wangemfanya nini, mkubwa wao alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, ni kitoweo. Tutambanika." Sikuwa na moyo wa kuwakaripia, kwani macho yao yalionyesha hamu ya nyama wala si utundu.

Kumbanika kindi ni kumharibu. Mnyama huyo mdogo, arukaye matawini mchana kutwa, hana mafuta mengi, na moto mkali humkausha akawa kama ngozi. Kusini mwa Marekani, ambako kindi huwindwa kwa kibali, watu humtia katika mchuzi uitwao Brunswick stew, ambao huchemshwa polepole pamoja na nyanya, mahindi na maharagwe. Subira huvuta heri, hata jikoni.

Hata hivyo, Kenya si Marekani. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kujitegea kitoweo msituni. Isitoshe, nyama hiyo haikaguliwi na daktari wa mifugo, na mwenye kuchuna hugusa damu na viroboto vinavyoweza kumletea maradhi kabla chungu hakijainjikwa.

Wako watakaodai kwamba wazee wetu waliila. Tusiipotoshe historia. Mila za Agikuyu ziliepuka nyama ya porini. Mnyama wa karamu alikuwa mbuzi. Walioila kwa kulazimika ni wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Serikali ya kikoloni iliwakusanya raia katika vijiji vya lazima na kuchimba handaki kando ya msitu ili chakula kisiwafikie mashujaa hao. Njaa yao ililetwa na vita. Kutega waya leo si kuwaenzi.

Lakini je, ndugu msomaji, marufuku hujaza tumbo? La hasha! Mtoto anayekatazwa kindi hana budi kuonyeshwa kitoweo kingine, nacho ni sungura wa kufugwa. Hula majani na nyasi, hutosheka na kibanda cha mbao, hubeba mimba kwa mwezi mmoja hivi, na huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo. Baada ya miezi minne au mitano, watoto hao hufaa kuchinjwa.

Mapishi yake ni yale yale ya subira. Mkate vipande, mchemshe kwa moto mdogo pamoja na chumvi hadi nyama ilainike, kisha kaanga vitunguu, nyanya na dania, utie karoti na viazi, umalizie kwa supu yake. Mle kwa mukimo au ugali.

Walimu wenzangu, vilabu vya 4K tunavyo, na mbao za kujengea vibanda hazikosekani. Tukiwafundisha wanafunzi kufuga na kupika, hatutahitaji kuwafukuza msituni. Wataiacha mitego kwa hiari yao. Tusipofanya hivyo, tusishangae likizo ijayo tukiwakuta tena njiani, waya mkononi.