Kisogo Chako Si Maabara

Ile tyubu ya tatu-kwa-moja unayouziwa kwa duka la dawa kwa sababu ya vipele vya kisogoni, irudishe kwa rafu. Namaanisha.

Mnaijua. Ndani kuna steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi, na hakuna anayekuuliza swali hata moja. Msee ana vipele kisogoni, anapewa hiyo. Dada yake ana mashilingi, hiyo hiyo. Na kwa sababu ni dawa tatu, unatoka hapo ukijiona mjanja, eti umepiga shida kutoka pande zote.

Wapi. Vipele vya kisogoni haviletwi na fangasi, kwa hivyo dawa moja hapo imepanda matatu bila nauli. Steroidi ina kazi, ni kweli, lakini daktari hukupimia wiki zake. Ukijipaka miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba na inabadilika rangi. Nayo antibiotiki ya kupaka ovyo inawapa bakteria mazoezi tu.

Kinachoendelea pale nyuma ni mashina ya nywele kuvimba. Hutupata sana sisi wanaume wenye nywele za kipilipili, na kunyoa mpaka ngozini pamoja na kola inayosugua shingo huzidisha. Ukikaa nayo, vipele vinagandana vinakuwa kovu gumu, na palipo na kovu shina la nywele limekufa. Hapo hakuna mafuta wala minoksidili itakayorudisha kitu. Ndio maana napiga kelele: miezi unayopoteza na hiyo tyubu ndiyo miezi kovu linajijenga.

Sasa, sisemi kuchanganya matibabu ni vibaya. Mara nyingi ndiyo njia bora, bora kila dawa iwe na kazi yake. Moja inatuliza uvimbe, nyingine inashughulikia usaha kama upo, sindano ya steroidi inalainisha kovu lililoinuka. Halafu kuna ile ya bure, kuweka wembe chini. Ukimeza antibiotiki peke yake na kila Jumamosi uko kwa kinyozi unapigwa laini na kupakwa spiriti, unapiga deki na bomba bado linavuja.

Keloidi ndiyo inanifanya niwe mkali kabisa. Mtu alitoboa sikio, likaota donge, sasa anataka likatwe yaishe. Kukata peke yake ndiyo njia mbovu zaidi: tafiti huonyesha angalau 45 kati ya 100 hurudi, na nyingine zinapata karibu zote, wakati mwingine zikiwa kubwa kuliko mwanzo. Ukikatwa, kifuate kitu, iwe sindano za steroidi au mionzi. Hata bila kukata, sindano ya steroidi ikichanganywa na 5-FU, dawa ya zamani ya saratani, imeonekana kusawazisha keloidi vizuri kuliko steroidi pekee. Kwa hivyo mtu akikwambia "tunakata tu," muulize baada ya kukata ni nini. Akikosa jibu, beba sikio lako uende.

Wadada, kwenu mambo yamegeuka. Nywele za mbele zinakatika, basi unanunua minoksidili, mafuta ya kitunguu na vidonge vya biotini, halafu wikendi unarudi kusukwa mpaka nyusi zinapanda. Hapo tiba ya kwanza ni moja: legeza. Ukiwahi, nywele zinaweza kurudi zenyewe. Ukivuta kwa miaka, inaishia kuwa kovu kama kisogo cha kaka yako. Minoksidili inaweza kusaidia wengine, lakini huchukua miezi, na haiwezi kushindana na rasta zinazovuta usiku na mchana. Biotini kama mwili wako hauna upungufu ni chapaa kwa choo. Kitunguu achia sufuria.

Najua utasema daktari wa ngozi ni doh. Ni kweli, na inaniudhi, sababu wengi wetu tunafika kwake kovu likiwa tayari. Lakini hesabu tyubu ulizomaliza mwaka huu. Na popote utakaponunua, uliza kila dawa inafanya kazi gani ambayo ile nyingine haifanyi.

Na kinyozi akisema laini haitatoka poa bila wembe, mwambie iache isitoke.