Nyumba Juu ya Magurudumu: Kupanga Safari ya Baja California

Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Methali hii hudhihirika upesi katika rasi ya Baja California, nchini Meksiko. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoingia, maelfu ya familia kutoka Marekani na Kanada huteremka huko kwa magari makubwa yaliyojengwa kama nyumba. Ndani ya gari mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na tangi la maji. Wengi wa wasafiri hao ni watu waliostaafu, na miongoni mwao wamo askari waliomaliza muda wao wa kulitumikia taifa. Mtu huenda na nyumba yake kama kobe; lakini nyumba hiyo ikiishiwa maji au mafuta katikati ya jangwa, haimfai kitu. Kwa hiyo safari hii hupangwa nyumbani, mezani, wiki nyingi kabla ya funguo kutiwa garini.

NCHI NA NJIA YAKE

Baja California ni ulimi mrefu wa nchi unaoteremka kutoka mpaka wa Marekani kuelekea kusini-mashariki. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki, yenye maji ya baridi na ukungu. Mashariki yake ni Ghuba ya California, yenye maji ya vuguvugu na fukwe tulivu. Katikati imesimama milima na jangwa la miiba na dungusi, ambamo dungusi aitwaye kadoni huinuka kupita paa la nyumba.

Njia kuu ni moja. Hutoka Tijuana mpakani hadi Cabo San Lucas kwenye ncha ya kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700. Barabara hiyo ilikamilishwa kwa lami mwaka 1973. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi na mawe, na msafiri alihesabu siku badala ya kilomita. Mwaka uliofuata, 1974, nusu ya kusini ya rasi ikapewa hadhi ya jimbo. Mpaka wa majimbo hayo mawili umepita kwenye latitudo ya 28, karibu na mji wa Guerrero Negro, wenye moja ya viwanda vikubwa kabisa vya chumvi ya bahari duniani. Hapo msafiri wa majira ya baridi huisogeza mbele saa yake kwa saa moja.

HATI, BIMA NA SILAHA

Jambo la kwanza katika orodha ni karatasi. Kila mtu garini awe na pasipoti yake, na apate mpakani kibali cha mgeni, ambacho huweza kutolewa kwa muda usiozidi siku 180. Gari lenyewe halihitaji kibali cha kuingizwa kwa muda maadamu limebaki ndani ya rasi. Lakini familia ikitaka kupanda meli pale La Paz ili kuvuka ghuba kwenda Mazatlán au Topolobampo, kibali hicho ni lazima. Anayekusudia kuvuka alitambue jambo hili mapema, asije akakwama gatini na watoto.

Bima ya Marekani au ya Kanada haitambuliwi na sheria za Meksiko kuhusu madhara ya mtu mwingine. Yapasa bima ya Meksiko inunuliwe kabla ya kuvuka. Ajali ikitokea na mtu akaumia, dereva huweza kuzuiliwa mpaka ijulikane nani mwenye kosa na nani atalipa. Dereva asiye na bima hukaa huko ndani huku mkewe na watoto wakilala garini katika mji wasioujua.

Jambo la pili ni zito zaidi, na askari atalielewa upesi. Meksiko hairuhusu mgeni kuingia na silaha wala risasi bila kibali maalumu cha mamlaka za nchi hiyo. Mwaka 2014 mtu mmoja aliyewahi kuwa askari wa majini wa Marekani alivuka mpaka na kuingia Tijuana akiwa na bunduki tatu garini. Alidai kwamba alikosea njia. Alikaa kizuizini miezi saba kabla ya kuachiliwa. Kwa hiyo mwenye gari lililowahi kubeba silaha hulipekua kama anavyopekuliwa mshukiwa: chini ya viti, ndani ya makabati, katika masanduku ya vifaa na mifuko ya makoti ya zamani. Risasi moja iliyosahauliwa yatosha kuiharibu safari, na pengine kuuharibu mwaka mzima wa familia.

Njiani mna vizuizi vya jeshi la Meksiko. Askari huuliza msafiri atokako na aendako, kisha huenda wakaingia ndani kutazama. Aliyewahi kusimama kwenye kizuizi juani ajua kwamba mtu mwenye salamu, aliyezima redio na kuvua miwani ya jua, hupita upesi kuliko mwenye kunung'unika. Mmoja wa familia aandamane na askari wakati wa upekuzi, kwa adabu na bila ubishi.

HESABU YA MAFUTA

Kamanda hautoi msafara kambini kabla ya kujua mafuta yaliyopo na umbali uliopo. Mwenye gari la nyumba hana budi kufanya vivyo hivyo. Sehemu ngumu ni kati ya El Rosario na Guerrero Negro, kilomita zipatazo 350 za jangwa. Katikati yake, mahali paitwapo Cataviña, watu huuza petroli kutoka katika mapipa kando ya barabara. Mtu asiifanye petroli hiyo kuwa tegemeo lake.

Gari kubwa la nyumba huweza kunywa lita 30 kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 350, hizo ni lita 105. Upepo wa mbele na milima ya jangwani huongeza matumizi. Tukizidisha robo, zimekuwa lita 131. Basi mwenye tangi la lita 150 linalojazwa El Rosario aweza kwenda kwa moyo mtulivu. Mwenye tangi la lita 100 achukue madebe ya akiba, na ayafunge nje ya chumba cha kulala, kwa kuwa mvuke wa petroli hauna urafiki na jiko la gesi. Kanuni ya wazoefu ni nyepesi: katika jangwa, tangi likifika nusu, hujazwa kwenye kituo cha kwanza kinachoonekana, hata kama bei yake si nzuri.

HESABU YA MAJI NA CHAKULA

Kwa familia ya watu wanne, lita tano kwa kila mtu kwa siku hutosha kunywa na kupika. Hizo ni lita 20 kwa siku. Kwa siku nne za ufukweni pasipo na bomba, ni lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20 ambayo huuzwa madukani katika kila mji wa rasi ikiwa na maji yaliyosafishwa. Maji ya tangi la gari yatumike kuogea na kuoshea. Vyombo vyaweza kusuguliwa kwanza kwa maji ya bahari, kisha vikasuuzwa kwa maji kidogo ya tangi. Mama wa nyumba mwenye busara huwapimia watoto maji ya kuoga kwa kopo, naye huanza desturi hiyo siku ya kwanza, wala hangoji tangi lianze kulia.

Kuhusu chakula, mchele, maharagwe, unga, vitunguu na samaki wa kopo huchukuliwa kwa wingi. Mboga, mayai na chapati za mahindi hununuliwa njiani. Matunda mengi yasinunuliwe kabla ya Guerrero Negro, kwa sababu wakaguzi wa kilimo kwenye mpaka wa majimbo huweza kuyachukua ili kuzuia wadudu waharibifu wasisambae. Kufikia mahali kama Mulegé au Loreto, wavuvi huuza samaki waliotoka majini asubuhi hiyo hiyo.

MWENDO WA BARABARANI

Barabara ni nyembamba, na mahali pengi haina ukingo wa kuegesha. Lami inapokwisha, mara nyingi huanza mteremko. Magari mawili makubwa yakipishana, vioo vya pembeni hukaribiana kiasi cha kugongana. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo anapoona lori mbele, wala asione haya kuwapisha wenye haraka mahali palipo wazi. Lori lililo mbele likiwasha taa ya kushoto, huenda dereva wake anaashiria kwamba njia ni nyeupe na gari la nyuma laweza kupita. Lakini huenda pia anataka kukata kushoto. Anayefuata ahakikishe kwa macho yake mwenyewe kabla ya kupita.

Usiku hakuna safari. Ng'ombe na punda huzurura bila uzio, nao hupenda kulala juu ya lami iliyo na joto. Kwa kuwa jua la Desemba huzama mapema, yafaa gari liwe limekwisha kuegeshwa saa tisa alasiri. Kilomita 250 kwa siku zatosha. Kwa kipimo hicho, rasi nzima huchukua siku saba za mwendo, mbali na siku za kupumzika. Gari likiharibika, serikali ya Meksiko ina kikosi cha msaada wa barabarani kiitwacho Malaika wa Kijani, ambacho mafundi wake huzunguka barabara kuu kwa magari ya rangi hiyo. Hata hivyo, msafiri asiende bila tairi la akiba, jeki, pampu, mkanda wa injini, koleo na kamba ya kuvutia.

KUPIGA KAMBI

Fukwe zinazosifiwa zaidi zipo Ghuba ya Concepción, kusini ya Mulegé: Santispac, El Coyote na El Requesón. Gari husimama hatua chache kutoka majini kwa malipo madogo ya kila usiku. Kabla ya kuingia, mtu mmoja ashuke na kutembea kwa miguu. Mchanga ukizama chini ya kisigino, gari la tani nyingi litazama zaidi. Kadhalika atazame mstari wa mwani mkavu: hapo ndipo bahari ilipofika ilipojaa mara ya mwisho, nalo gari lisimame juu ya mstari huo. Upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu katika ghuba wakati wa baridi, hivyo turubai la kivuli hukunjwa kabla ya watu kulala.

Maji machafu ya choo hayamwagwi mchangani wala porini. Humwagwa katika vituo vilivyotengwa, ambavyo hupatikana kwenye kambi za kulipia mijini. Takataka hufungwa na kurudishwa mjini. Wenyeji huishi kwa bahari hiyo, na mgeni akiichafua huwa amechafua chungu cha mwenzake.

WAKATI WA KWENDA, NA YA KUONA

Kuanzia Novemba hadi Machi ndio wakati mwema. Kiangazi huunguza kwa joto linalopita nyuzi 40, na msimu wa vimbunga huanza Mei hadi mwisho wa Novemba. Septemba 2014 kimbunga kilichoitwa Odile kiliipiga Cabo San Lucas, kikaangusha nguzo za umeme na kuharibu uwanja wa ndege wa Los Cabos, hata maelfu ya watalii wakahamishwa kwa ndege, zikiwemo za jeshi. Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu yanayoikata barabara hugeuka mito kwa dakika chache. Dereva akiyakuta maji hayo, azime injini na kungoja, hata kama kungoja ni kutwa nzima.

Watoto nao wana la kujifunza. Kati ya Januari na Machi, nyangumi wa kijivu huwa katika wangwa za Ojo de Liebre na San Ignacio, wakiwa wamesafiri zaidi ya kilomita 8,000 kutoka bahari za kaskazini ili kuzaa. Katika karne ya 19 wawindaji waliwaua humo karibu kuwamaliza. Leo hulindwa, na tangu 1993 hifadhi yao imo katika orodha ya urithi wa dunia. Familia huwatazama kwa mashua za wenyeji wenye leseni. San Ignacio penyewe pana kijito na msitu wa mitende iliyoletwa na wamisionari, na Loreto kuna misheni iliyoanzishwa mwaka 1697.

NENO LA KUACHA NYUMBANI

Katika sehemu kubwa ya jangwa simu haishiki. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka, familia huandika ratiba: tarehe, mji wa kulala, namba ya gari na namba ya bima. Nakala moja hubaki kwa ndugu mwaminifu. Wakubaliane tangu nyumbani kwamba siku ya kulivuka jangwa, ndugu huyo atapigiwa simu kutoka Guerrero Negro. Na kama jioni ya siku ya pili imeingia bila simu, asisubiri ya tatu, bali aanze kuulizia. Nakala ya pili hubandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, chini yake yakiandikwa kila asubuhi mafuta yaliyobaki, maji yaliyobaki na fedha zilizobaki. Kazi hiyo apewe mtoto mkubwa, naye awasomee wazazi hesabu yake kabla ya injini kuwashwa.