Samaki wa Ziwani Ndani ya Kioo: Subira Kabla ya Pambo



Ndugu msomaji, mzazi mmoja wa Mbinga mjini ametuletea suala lililomsibu nyumbani kwake. Mwanawe alipewa na mjomba wake samaki wanne wadogo, wa buluu na wa manjano, waliovuliwa miambani karibu na Mbamba Bay. Baba alimwendea fundi akamtengenezea tangi la kioo. Likaoshwa, likajazwa maji ya bomba, na samaki wakatiwa jioni ile ile. Siku ya tano hakubaki hata mmoja. Mtoto akauliza: "Baba, ni sisi tuliowaua?" Mzazi anataka kujua amjibu nini.

Kufuga kwa kuiliwaza nafsi hakukukatazwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimtania kwa kumuuliza habari zake. Wanavyuoni wamechukua hapo ruhusa ya kufuga. Lakini Bukhari na Muslim hao hao wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ruhusa basi ina sharti: aliyefungiwa ni amana ya aliyemfungia. Naye samaki amefungiwa zaidi ya paka, kwani hata maji anayopumulia tunamchagulia sisi.

Samaki wale waliuawa na nini? Yaelekea ni sumu isiyoonekana. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huizidisha. Ziwani amonia hupotea katika maji mengi na kuliwa na viumbe wadogo. Katika tangi jipya viumbe hao hawajakuwapo. Maji huonekana safi kama ya kunywa, na huku samaki anaungua matamvua. Tena maji ya Ziwa Nyasa yana asili ya magadi, na samaki wake huyapenda hivyo. Lakini katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi.

Dawa yake ni subira. Weka tangi, changarawe, mawe na kichujio chenye sponji, kisha uache kichujio kifanye kazi bila samaki. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi kwanza usiku na mchana mzima. Kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki zioze. Amonia itatokea, na bakteria wa aina moja watazaliana sponjini na mawe­ni, waigeuze kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha bakteria wa aina nyingine wataigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Kazi hii huchukua wiki nne hadi sita, na huzidi penye baridi. Vipo vifaa vya kupimia maji: amonia na nitriti zikisoma sifuri, na nitrati ikaonekana, nyumba imekuwa tayari. Mwenye jirani anayefuga samaki wazima na aombe kipande cha sponji yake. Bakteria watahamia pamoja nacho.

Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji isioshwe bombani, bali katika maji yaliyotolewa tangini, bakteria wasife. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hukosa hewa. Punguza chakula siku hiyo.

Liko pia suala la mahali. Mbinga mjini ni nyanda za juu za Umatengo, penye kahawa na usiku wa baridi. Ziwa liko chini sana, na samaki wake wamezoea joto la nyuzi 24 hadi 28. Pasipo hita ya maji na kipimajoto, samaki wa Mbamba Bay hawezi kustarehe Mbinga mwezi wa Juni.

Na jirani je? Samaki wa miambani, ambao wavuvi wa ziwa huwaita mbuna na dunia nzima imelichukua jina hilo, ni wazuri lakini wana wivu wa makazi. Dume hulinda jiwe lake kwa vita. Wapatie tangi la lita 200 au zaidi, mawe yenye mapango mengi, na dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Wengi wao hula mwani wa mawe­ni. Ukiwazoesha nyama, matumbo yao huvimba. Usiwachanganye na samaki wa dhahabu, apendaye maji ya baridi, wala na kambale, atakayewameza wakilala. Aina moja ya wapole kiasi ni ile iitwayo kwa jina la kisiwa cha Hongi, katika pwani hii hii ya Ruvuma; leo inafugwa hadi Ulaya na Marekani. Mtoto akibahatika, atamwona jike akibeba mayai na vifaranga kinywani kwa wiki tatu hivi, hali kula. Hilo ni somo la rehema lisilohitaji mhadhiri.

Kabla ya kuvua tena, ulizeni ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhusu kibali. Na samaki akikushinda, usimwage mtoni. Mpe anayeweza kumtunza.

Sasa jibu la mtoto. Mwambie kweli: "Ndiyo mwanangu, ni sisi, kwa kutojua, hatukukusudia." Usimfiche, wala usimtwike dhambi. Lakini mwongezee kwamba ujuzi ukishafika, udhuru umeondoka. Kisha mpe daftari, aandike vipimo vya maji kila siku ya tangi tupu. Akiweza kuyangoja maji wiki sita, ataweza kuaminiwa na roho iliyo ndani yake.

Wabillahi tawfiq.