Shangazi Hayumo Kwenye Takwimu Zenu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nimekasirika, na mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mtu haandiki barua akiwa na hasira. Sasa hasira imepungua kiasi, kwa hivyo leo natoa ya moyoni.

Neno lenyewe ni hili: sisi waunda tovuti wa Nairobi tunajidanganya kuhusu kasi ya tovuti zetu. Tunazipima kwa laptopu ya ofisini, juu ya faiba, tunapata alama ya kijani, tunapongezana. Halafu mtu wa mbali akishindwa kuzifungua tunasema hajui kompyuta.

Nawapa kisa, maana hasira bila kisa ni kelele tu.

Mwaka jana nilikuwa katika timu iliyounda upya tovuti ya kukatia tiketi ya kampuni moja ya mabasi. Jina sitalitaja. Siku ya uzinduzi mkuu wetu alifungua Lighthouse mbele ya watu wote. Kwa msiojua, hiki ni chombo kilichomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Kinafungua ukurasa, kinaupima, kisha kinaupa alama kati ya 0 na 100. Tukapata 97. Zikaletwa soda na sambusa. Hakuna aliyeuliza kwamba mbona tumepima ukurasa wa mwanzo peke yake, tena kwa kipimo cha kompyuta ya mezani, ilhali abiria wetu wanatumia simu. Hata mimi sikuuliza. Sambusa zilikuwa tamu.

Wiki chache baadaye nikaenda nyumbani kwa ajili ya Idd. Shangazi yangu ana duka dogo Garsen, karibu na kituo cha mabasi, na ni wakala wa kampuni hiyo hiyo. Kila tiketi anayokata anapata kamisheni yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu nitazamie hili dude lenu, linazunguka tu kama pia."

Simu yake ni ya Android ya bei nafuu, kumbukumbu yake GB 2, kioo kina ufa. Nikatazama saa. Tangu aliposhika kiungo hadi fomu ya tiketi kuonekana zilipita sekunde 38. Akagusa orodha ya vituo, simu ikaganda. Akagusa tena, na tena, kisha zile gusa zote tatu zikatekelezwa kwa mpigo. Alipofika mwisho akapeleka kidole kwenye kitufe cha "Lipa". Wakati huo huo ile picha kubwa ya basi, ambayo mimi mwenyewe niliiweka, ikawasili na kusukuma kila kitu chini. Kitufe cha "Ghairi" kilichokuwa juu kikashuka hadi chini ya kidole chake. Safari ikafutwa.

Abiria aliyekuwa akisubiri akacheka. Shangazi hakucheka. Akaweka simu kando, akavuta daftari, akapigia ofisi ya Mombasa kwa pesa zake mwenyewe na kuandika tiketi kwa kalamu.

Mambo hayo matatu yaliyompata yana majina ya kitaalamu. Mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo inavyoviita Core Web Vitals. LCP ni muda unaopita hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, na kikomo cha kusema ni vizuri ni sekunde 2.5. INP ni muda kati ya mtu kugusa na skrini kujibu, usizidi milisekunde 200. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya kingine kilichoitwa FID mwezi Machi 2024. CLS ni kiasi cha vitu kurukaruka kwenye ukurasa, kisizidi 0.1. Shangazi hajui herufi hata moja kati ya hizo, lakini alifeli zote tatu mbele ya macho yangu. Naam, nimekosea. Aliyefeli ni mimi.

Nikarudi Nairobi moyo umenikaa kooni. Nikafungua dashibodi ya takwimu nikitarajia kuona maafa. Wastani wa muda wa kupakia ukurasa: sekunde 2 na ushei. Kila kitu shwari!

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu namba ile haikuwa na hitilafu ya hesabu. Ilikuwa sahihi, na bado ilikuwa uongo. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni wastani wenyewe. Chukua watu 10. Tisa wanafungua ukurasa kwa sekunde 1, wa kumi anasubiri sekunde 41. Wastani ni sekunde 5. Lakini kati ya hao 10 hakuna hata mmoja aliyesubiri sekunde 5! Umepata namba isiyomhusu mtu yeyote. Ndiyo maana Google haitumii wastani katika vipimo vile. Inawapanga wageni halisi kwa foleni kutoka mwenye kasi hadi mwenye taabu, kisha inamwangalia aliyesimama nafasi ya 75 kati ya 100. Huyo akiwa salama, angalau robo tatu wako salama. Mimi huongeza na wa 95, maana huko nyuma ndiko wanakokaa akina shangazi.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Skripti yetu ya kupimia ilipakiwa mwisho kabisa, baada ya picha, fonti na mapambo yote. Aliyekata tamaa kabla ya ukurasa kumalizika hakupimwa. Tulikuwa tukiwahesabu waliofika tu, halafu tunashangilia kwamba safari ni nyepesi. Shangazi hakuwa namba mbaya katika takwimu zetu. Hakuwemo kabisa.

Basi sikilizeni kilichofuata. Katika mkutano wa mwezi ule ilisomwa orodha ya mawakala "wasiopenda teknolojia", yaani wale ambao hawakatishi tiketi kupitia tovuti. Pendekezo lilikuwa wapewe mwezi mmoja, wakishindwa waondolewe. Garsen ilikuwa ya nne kwenye orodha. Jamani! Tumemfungia mtu mlango, tumekaa ndani tukaandika kwamba hapendi kuingia, sasa tunataka kumnyang'anya riziki kwa kosa hilo.

Msidhani ni ushamba wa kwetu peke yake. Mwaka 2009 mhandisi wa YouTube, Chris Zacharias, aliamua kupunguza uzito wa ukurasa wa kutazamia video. Ulikuwa na MB 1.2. Akaukata hadi KB 98 na kuujaribu kwa sehemu ya watazamaji. Matokeo yalipokuja, wastani wa muda ulikuwa umepanda! Ukurasa mwepesi zaidi, namba mbaya zaidi. Karibu akate tamaa, hadi takwimu zilipogawanywa kwa maeneo. Walikuwa wamejitokeza watazamaji wengi kutoka Afrika, Siberia, Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini. Zamani kufungua ukurasa ule kungewachukua zaidi ya dakika 20, kwa hivyo hawakuwa wakijisumbua. Kwa ukurasa mpya walisubiri dakika 2, wakavumilia. Dakika 2 zao ndizo zilizopandisha wastani. Alisimulia kisa hicho mwenyewe mwaka 2012, na kila nikikikumbuka najiuliza: ni kazi ngapi nzuri tumezitupa kwa sababu dashibodi ilisema zimeharibu namba?

Nawajua ndugu zangu wa fani hii, kwa hivyo nijibu hoja zenu kabla hamjaniandikia.

"Lakini Lighthouse ina kipimo cha simu." Ni kweli. Kinaiga mtandao wa kasi ya megabiti 1.6 kwa sekunde, na kinapunguza nguvu ya prosesa mara 4. Lakini robo ya laptopu ya bei mbaya bado inaweza kuishinda simu ya shangazi. Tena kinapofungua ukurasa hakigusi kitufe chochote, kwa hivyo hakiwezi kukwambia ni lini simu iliganda. Sikikatai. Ukishajua ugonjwa uko wapi, ni chombo kizuri cha kutafuta chanzo. Kosa ni kukigeuza cheti cha afya.

"Google wanatupimia wageni halisi bure." Ndiyo, kupitia ripoti iitwayo CrUX iliyoanza mwaka 2017. Ianzeni hiyo leo hii kama hamna kitu. Lakini jueni mipaka yake. Inawahesabu watumiaji wa Chrome walioruhusu takwimu zao zitumwe, Chrome ya iPhone haimo, na tovuti yenye wageni wachache haionekani kabisa. Namba zake ni mjumuisho wa siku 28, kwa hivyo ukiharibu kitu Jumatatu hutaona picha kamili hadi wiki kadhaa zipite.

"Kupima wageni ni kuwapeleleza." Hoja hii naiheshimu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo. Lakini kwani nani amekwambia uchukue jina au namba ya simu? Unachohitaji ni ukurasa gani, muda gani, aina ya mtandao na aina ya kifaa. Basi. Ukiona skripti inataka zaidi ya hapo, haipimi kasi. Inatafuta mali ya kuuza.

"Hao wa mbali si wateja wetu." Hii ndiyo inayonichemsha damu. Umejuaje? Kwa sababu hawaonekani kwenye takwimu? Ni sawa na mwenye duka aliyetia kufuli mlango wa nyuma, kisha akatangaza kwamba hakuna anayepita huko.

Na msiniambie ni kazi kubwa au ghali. Kivinjari chenyewe huweka kumbukumbu za muda. Kiwango cha Navigation Timing kilipitishwa na W3C tangu mwaka 2012! Maktaba ya web-vitals ya Google ni ya bure. Boomerang, iliyozaliwa Yahoo, nayo ni ya bure. Mimi nilifanya hivi, na unaweza kunakili:

Kwanza, weka mistari michache ya skripti juu kabisa ya ukurasa, ndani ya HTML yenyewe, itume ishara ndogo ya kusema "nimefika mlangoni". Ishara ya pili, yenye vipimo vyote, itumwe kwa sendBeacon mgeni anapouacha ukurasa, hata kama haujamaliza kupakia. Waliotoa ishara ya kwanza na hawakuona fomu ndio uliowapoteza. Linganisha pia na kumbukumbu za seva, kwa sababu wapo ambao hata mlangoni hawakufika. Toa roboti kabla hujahesabu.

Pili, futa wastani kwenye dashibodi. Weka wa 75 na wa 95, kwa kila ukurasa na kwa kila aina ya mtandao. Ukurasa wa mwanzo hauna maana kama pesa zinalipwa kwenye ukurasa wa nne.

Tatu, kumbuka kwamba skripti nayo haioni kila kitu. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana data kwa nguvu anatengenezewa ukurasa kwenye seva za Opera, si kwenye simu yake, kwa hivyo vipimo vyako havimfikii vizuri. Nunua simu ya bei ya chini, tia bando la kawaida, panda basi, utumie tovuti yako mwenyewe njiani.

Tulipowasha vipimo hivyo kwetu, kijani chote kiligeuka chekundu. Nilipeleka karatasi mkutanoni na pendekezo la kuwaondoa mawakala likaahirishwa. Tukaitoa ile picha ya basi, tukazipa picha zilizobaki nafasi yake mapema ili zisisukume vitufe, tukaondoa fonti mbili na JavaScript nyingi ambayo hakuna aliyekumbuka ililetwa na nani. Fomu ikawa ndiyo kitu cha kwanza kufika.

Na wastani? Ukapanda, kama wa YouTube. Mkuu wetu akaniita akiwa amekunja uso: "Tumekulipa miezi miwili utufanye wazito?" Nikamwonyesha ishara za mlangoni. Wale waliokuwa wakigeuka na kuondoka sasa walikuwa wanaingia, polepole, na simu zao zenye nyufa. Alinyamaza muda mrefu. Sambusa hazikuletwa siku hiyo.

Juzi nilimpigia shangazi kumuuliza hali ya dude letu. Akasema sasa linafunguka, anakata tiketi nalo, ila daftari bado liko chini ya kaunta.

"La nini tena shangazi?"

"La siku mtakayoanza tena kujisifu."

Nenda kapime.